Njia Ndefu ya Kiaramu Hadi Hasamba

Katika ibada za Mkoa wa Songwe, kuanzia makanisa ya mjini Tunduma hadi yale ya kata za Mbozi kama Hasamba na Ihanda, mhubiri akifika kwenye habari ya binti Yairo hushusha sauti. Maneno mawili aliyoambiwa yule mtoto, "Talitha kumi", hayapitwi mbio. Hutamkwa polepole, pengine hurudiwa, na waumini huyapokea kwa utulivu ambao hawaupi sentensi inayofuata, ingawa hiyo inayofuata ndiyo yenye maana yake. Ni vivyo hivyo kwa Efatha, kwa Aba, kwa Maranatha, na kote nchini zipo kwaya na vikundi vya maombi vilivyojiita kwa majina hayo. Imani iliyo nyuma ya desturi hii inaeleweka vizuri: hapo tunasikia sauti yenyewe ya Yesu, kabla haijapita mikononi mwa wafasiri. Ni kweli kwamba maneno hayo ni ya Kiaramu, na ni kweli kwamba Kiaramu ndicho kilichosemwa majumbani Galilaya. Hata hivyo nadhani heshima hiyo imeelekezwa mahali padogo mno. Kiaramu kimo Hasamba kwa wingi kuliko tunavyodhani, na sehemu kubwa yake imo katika maneno ambayo hakuna anayeyashushia sauti: kanisa, sala, sadaka, zaka, msalaba, kiyama. Tena lugha hiyo ilipata kiti chake katika dini kwa kazi ya ukalimani, na asiyeiona kazi hiyo hataelewa Kiaramu, wala hataelewa kilichotokea katika nchi ya Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, tangu mwaka 1899.

Kwanza kabisa Kiaramu kilikuwa lugha ya soko na ya ofisi. Waaramu walikaa Shamu, na mwandiko wao wa herufi 22 ulikuwa mwepesi kujifunza kuliko alama mamia kwa mamia za udongoni walizotumia makarani wa Ashuru na Babeli. Wafalme wa Ashuru wakaichukua lugha hiyo kwa ajili ya barua na hesabu, na Waajemi waliowafuata wakaifanya lugha ya utawala kutoka Misri hadi pembezoni mwa India. Kitabu cha Wafalme kinatuonyesha ilivyosikika kwa mwananchi wa kawaida wakati ule. Mwaka 701 KK majeshi ya Ashuru yalipouzingira Yerusalemu, maofisa wa mfalme Hezekia walimsihi mjumbe wa adui azungumze nao kwa Kiaramu, ili watu waliokaa ukutani wasielewe. Kilikuwa Kiaramu cha wakubwa, mlango uliofungwa mbele ya wadogo. Miaka 300 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Kwenye kisiwa cha Elephantine katika mto Nile, karibu na Aswan ya leo, askari Wayahudi waliolinda mpaka wa kusini wa Misri waliandika mambo yao yote kwa Kiaramu: mikataba ya ndoa, madeni, ugomvi wa viwanja, na ile barua ya mwaka 407 KK ya kuomba ruhusa ya kujenga upya hekalu lao lililobomolewa. Karatasi zao za mafunjo zingalipo. Mji wa mpakani, kama ilivyo Tunduma, haudumu bila lugha ambayo kila anayepita anaijua kidogo, na lugha ya namna hiyo, ikishaandika talaka na hati ya nyumba, haichukui muda mrefu kuingia katika maombi.

Ndivyo ilivyokuwa. Waliorudi kutoka uhamishoni Babeli walikuwa na Torati ya Kiebrania mikononi na Kiaramu mdomoni. Nehemia anasimulia Torati ikisomwa mbele ya mkutano na wengine wakiwaeleza watu maana yake, na mapokeo ya Kiyahudi yanaona hapo ndipo ilipoanzia desturi iliyokuja kuitwa targumi. Desturi hii inafaa kutazamwa kwa karibu. Msomaji alisimama na gombo la Kiebrania. Kando yake alisimama mkalimani, aliyeitwa meturgemani. Msomaji alisoma aya moja ya Torati akanyamaza. Mkalimani akaitoa kwa Kiaramu. Kisha aya ya pili. Katika vitabu vya manabii waliruhusiwa kwenda aya tatu kwa mkupuo. Mkalimani hakuruhusiwa kusoma tafsiri yake kwenye maandishi, ilimpasa kuitoa kichwani, ili mtu yeyote asidhani kwamba maneno yake ndiyo yaliyoandikwa gomboni. Wala hakuruhusiwa kupaza sauti kuliko msomaji. Kiaramu kiliingia nyumba ya ibada kwa masharti hayo: kisimame, kisikike, kieleweke, lakini kijue mahali pake. Na hata kilipozoeleka, wapo waliokitilia shaka. Talmudi inamtaja Rabi Yohanani aliyefundisha kwamba mtu asiombe haja zake kwa Kiaramu, kwa kuwa malaika wahudumu hawakielewi. Fundisho hilo limeandikwa katika kitabu ambacho sehemu kubwa yake ni Kiaramu. Na Kadishi, sala ambayo Wayahudi huwasomea wafu wao hadi leo, ni ya Kiaramu. Watu wa kawaida, kwa kuomba tu kila siku, waliitakasa lugha ambayo wanazuoni walidhani haifiki mbinguni.

Hapo mtu anaweza kupinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: kama Kiaramu kilikuwa lugha ya kawaida tu, kwa nini Marko, aliyeandika kwa Kigiriki, aliyahifadhi yale maneno? Kwa nini hakuandika "Msichana, inuka" akaishia hapo? Je, si ishara kwamba sauti yenyewe ilibeba nguvu? Mimi naona Marko anajibu mwenyewe. Talitha kumi, Efatha, Korbani, Aba, Golgotha, kilio cha msalabani: karibu kila mahali anapoweka neno la Kiaramu anafuatisha maana yake papo hapo. Anafanya alichofanya meturgemani, ila kwa kugeuza upande, Kiaramu sasa kikiwa ndicho gombo na Kigiriki ndicho mkalimani. Hakumwacha msomaji peke yake na sauti asiyoielewa. Paulo, kwa upande wake, aliwaandikia Wakorintho Maranatha bila kuwafasiria, na hili nalikubali kuwa linaunga mkono upande wa pili. Lakini Wakorintho hawakuhitaji kufasiriwa. Neno hilo lilikuwa limeshakuwa lao katika ibada, kama Amina na Haleluya zilivyokwisha kuwa za Wanyiha bila mtu kuuliza Kiebrania. Neno la kigeni likirudiwa na kusanyiko zima mpaka likakaa, huacha kuwa la kigeni. Nguvu yake iko katika kule kukaa.

Na sasa lile neno kumi. Msikilizaji wa Kiswahili hulisikia, na kabla hajaelezwa, sikio lake limeshaenda kwenye hesabu: moja, mbili, hadi kumi. Kumbe neno hilo ni "inuka", linaloambiwa mwanamke, na mzizi wake ni wa kusimama. Mzizi huohuo uko katika Kiarabu, na kutoka Kiarabu umetupatia maneno tunayoyatumia bila kufikiri: kaimu, yule anayesimama mahali pa mwingine, makamu, na juu ya yote kiyama, siku ya wafu kusimama. Neno hilo la mwisho lina historia ya pekee, kwa sababu wataalamu wa msamiati wa Kurani, akiwemo Arthur Jeffery katika kitabu chake cha mwaka 1938, wanaona Kiarabu kililipokea kutoka kwa Wakristo wa Shamu waliosema Kiaramu. Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Hasamba anayeungama kwamba anaamini kiyama ya wafu anatumia neno la ukoo mmoja na lile aliloambiwa binti Yairo, tena kwa maana ileile. Efatha nayo, yaani "funguka", ni ndugu wa Fatiha, sura inayoifungua Kurani. Haya si mambo ya kubahatisha kwa kufanana sauti. Ni familia moja ya lugha, na njia walizopitia maneno hayo zinafuatika.

Njia yenyewe ni hii. Baada ya Kristo, Kiaramu cha mji wa Edessa kilikuwa lugha ya kanisa kubwa la Mashariki, tunachokiita Kisiria. Kilikuwa na Biblia yake, Peshita. Kilikuwa na mshairi wake, Efremu, aliyefariki mwaka 373. Wamisionari wake walifika pwani ya Malabar huko India, na jiwe walilolichonga China mwaka 781 lingali limesimama. Hapa Afrika, Ukristo wa Wahabeshi ulipokea kutoka upande huo hata neno lake la imani, haymanot. Waarabu wa jangwani na wa mijini waliishi na watu hawa kwa karne nyingi, wakafanya nao biashara, wakawasikia wakiabudu, na maneno yakahama. Kanisa ni neno la Kiaramu la kukusanyika. Kasisi kwa Kisiria ni mzee tu, kwa hiyo pale Mmoravia wa Mbozi anaposema "mzee wa kanisa" na Mkristo mwingine wa Tunduma anaposema "kasisi", wamekutana bila kujua katika neno moja. Sala, zaka, sadaka, nabii, msalaba, wataalamu wanayaona yote yamepita katika Kiaramu, au angalau yamechukua kwake ile maana ya kidini, kabla ya kuwa ya Kiarabu. Tarjuma ni targumi ileile. Hata herufi za Kiarabu, zilizotumika kuandikia Kiswahili cha pwani kwa karne nyingi, zikiwemo barua za Kilwa za mwaka 1711, zilitokana na mwandiko wa Kiaramu wa Wanabati. Kiaramu kilifika pwani yetu zamani sana. Kilifika kimevaa kanzu ya Kiarabu, ndiyo maana hatukukitambua.

Kutoka pwani hadi nchi ya Wanyiha safari ilikuwa nyingine. Wamoravia kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 Traugott Bachmann akafungua kituo cha Mbozi. Hawakutaka Kiswahili. Walikiona lugha ya pwani, ya askari na ya maakida, tena yenye harufu ya Uislamu. Kwa macho yao kilikuwa kama kile Kiaramu cha mwaka 701 KK, lugha ya wenye amri. Bachmann akajifunza Kinyiha, na mwaka 1913 Agano Jipya likachapwa kwa Kinyiha. Kazi ile naistahi kwa moyo wote. Hakuna Mjerumani ambaye angepata maneno ya toba, neema na ufufuo katika lugha ya watu wengine bila wenye lugha kuketi naye, kumkatalia neno hili, kumpa lile, na kumweleza kwa nini. Wanyiha wale waliketi mahali pa meturgemani. Na kwa mkono wao yale maneno machache ya Marko, baada ya kutoka Galilaya, kupita Kigiriki na kupita Kijerumani cha Luther, yalifika Mbozi pamoja na majina: Martha, maana yake bibi mwenye nyumba, Tabitha, yaani paa, Tomasi, yaani pacha, Barnaba na Bartholomayo, ambao ile "bar" yao ni "mwana wa". Huu ndio Kiaramu kilichoingia kwa mlango wa mbele, na kwa idadi ya maneno ni haba.

Kile kingine, cha mlango wa nyuma, kiliingia na Kiswahili chenyewe, na hapo ndipo palipotokea ushindani ambao haujulikani vya kutosha. Waanglikana wa Zanzibar, wakiongozwa na Edward Steere, walitafsiri Biblia kwa Kiswahili cha pwani bila kuogopa maneno ya asili ya Kiarabu. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, aliona vingine. Alitaka Kiswahili cha Biblia kisafishwe, maneno ya Kiarabu yatolewe na nafasi zao zichukuliwe na maneno ya Kibantu ambayo watu wa bara wangeyaelewa. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Ukiifungua, Isaya si nabii, ni mfumbuaji. Injili ni Utume mwema. Roehl alikuwa na hoja. Mtu wa bara aliyesikia "mfumbuaji" alijua papo hapo kwamba ni yule anayefumbua kilichofumbwa, wakati "nabii" lilimpasa afundishwe. Lakini tazama kilichotolewa. Kwa kuliondoa "nabii" kwa madai kwamba ni la Kiarabu, aliondoa neno ambalo Yesu na wanafunzi wake wangelitambua mara walisikiapo, kwa sababu kwa Kiaramu ni karibu vilevile. Hofu ya Uislamu ilimfanya aone jirani wa karibu tu, asimwone babu aliyesimama nyuma yake. Makanisa hayakumfuata mpaka mwisho. Tafsiri ya pamoja iliyotoka kamili mwaka 1952, ile tunayoiita Union Version, ilibaki na manabii, Injili, zaka na kanisa, na ndiyo iliyosomwa vizazi na vizazi kutoka Mombasa hadi Mbozi.

Mtu atasema sasa kwamba ninapunja mizani. Mjukuu si babu. Neno likishapita Kiarabu na likakaa karne kadhaa vinywani mwa Waislamu wa pwani, ni la Kiarabu na ni la Kiislamu, na asili yake ya kale haimhusu muumini wa Hasamba, ambaye akisema "sadaka" anafikiria bahasha au debe la mahindi, wala hafikirii Edessa. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Asili ya neno haiamui maana yake, na ni kosa kumwambia mtu kwamba hakuelewa sala yake mpaka ajue ilikotoka neno sala. Pia sitaki kuwanyang'anya Waislamu haki yao: bila madrasa na misikiti ya pwani, maneno haya yasingekuwapo kwa ajili ya wamisionari kuyaokota. Lakini ninachodai ni tofauti. Kuna watu wanaoitafuta lugha ya Yesu katika sauti ngeni, na kuna watu wanaoyakwepa maneno ya Kiswahili kwa sababu yananuka msikiti, na mara nyingi watu hao wako katika kusanyiko moja. Kwao historia ina jambo la kusema. Wakristo wa Shamu, Waislamu wa Lamu na Wamoravia wa Mbozi wamekuwa wakipokezana msamiati mmoja wa ibada kwa zaidi ya miaka elfu, na hakuna hata mmoja aliyeupokea moja kwa moja kutoka mbinguni. Kila mmoja alipewa na mkalimani.

Pingamizi zito kuliko yote ni jingine, nalo halimalizwi kwa etimolojia. Lugha ya kukutania watu huzimeza lugha za nyumbani. Kiaramu kiliwasaidia Wayahudi kuielewa Torati, na wakati huohuo ndicho kilichokiondoa Kiebrania jikoni na shambani. Baadaye Kiarabu kikakifanyia Kiaramu hivyohivyo, hata leo kikabaki katika vijiji vichache kama Maaloula nchini Syria na miongoni mwa Waashuru waliotawanyika duniani. Na Mbozi? Kiswahili, kilichokuwa lugha ya maakida, kimekuwa lugha ya shule, ya ibada na ya soko la kahawa, na baada ya hapo kikawa lugha ya watoto wanaojibu kwa Kiswahili pale bibi anapowaita kwa Kinyiha. Siwezi kumwambia Mnyiha kwamba hilo si hasara. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba Kiebrania hakikufa, na sababu mojawapo ni ule utaratibu wa masharti: mkalimani alisimama kando ya gombo, hakulichukua. Aya ilisikika kwanza kwa lugha yake, ndipo ikafuata lugha ya soko. Kazi ya Bachmann na wenzake wa Kinyiha ilifanyika katika miaka ambayo gombo lao lingeweza kuwekwa mbele namna hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa wamisionari Wajerumani, shule za Waingereza zikaleta Kiswahili sanifu, na kitabu cha 1913 kikabaki kikizeeka. Tangu miaka ya 2000, watafsiri waliokusanyika Mbeya wamekuwa wakitafsiri Maandiko upya kwa lugha za nyanda hizi, Kinyiha kikiwamo, kwa mwandiko ambao wenye lugha wamekubaliana nao. Safari hii hakuna anayetazamia Kinyiha kikisukume nje Kiswahili cha kanisani. Swali lililobaki ni nani atasoma kwanza na nani atafuata.

Katika nyumba za Hasamba na vijiji vya jirani, jibu la zamani bado lipo pale ambapo bibi mgonjwa hawezi kutoka kitandani. Kijana anasoma sura kwa Kiswahili, aya moja, ananyamaza. Mzee aliyeketi upande wa kichwani anaisema kwa Kinyiha, kwa sauti ya chini, polepole, akitafuta neno mahali ambapo Kiswahili kimesema kiyama. Kijana ana kitabu. Mzee hana karatasi yoyote.